Maharage Kabla ya Mzizi Mchungu

Nyumba za Reli, Nsambya,
Kampala.
9 Septemba 2025

Mdogo wangu mpendwa Olweny,

Pokea salamu kutoka kilima hiki, ambako nilikuja kujificha vita kwa majuma mawili, na sasa ni miaka karibu arobaini. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya Eldoret? Na mkeo Acayo, maumivu ya mguu yamemwacha? Mimi nasoma kwa jicho moja, lile jingine limebaki la kulia tu. Florence mke wangu ni mzima. Tunamshukuru Mungu.

Hupokei simu yangu tangu Ijumaa, ndiyo maana nimempa dereva wa basi barua hii akukabidhi mkononi. Isome yote kabla hujapanda basi hilo.

Bonny yu hai. Taya limevunjika na limefungwa kwa waya. Anakunywa uji kwa mrija. Mbavu zitaunga. Jicho la kushoto bado limezibwa na uvimbe, na daktari hajaahidi kitu. Sikupunguzii, kwa sababu wewe ndiye uliyemzaa.

Habari kwamba aliiba ni uongo. Pale Wandegeya, mchana, gurudumu la lori lilipasuka kwa kishindo cha bunduki, watu wakatawanyika ovyo. Hajara, mama anayeuza vitambaa karibu na soko, aliangusha mkoba wake akakimbia bila kugeuka. Mwanao akauokota, akamfuata mbio ili ampe. Kijana mrefu wa kaskazini, anakimbia na mkoba wa kike: mtu mmoja akapiga ukelele, “Mubbi!”, yaani mwizi. Ikatosha.

Walimpiga ngwala akaanguka. Wakamkanyaga kichwa. Wakampiga kwa matofali, kwa mikanda, kwa visigino. Alipojaribu kujieleza kwa Kiganda chake kibovu walimcheka, kisha mwendesha boda mmoja, Wasim, akampiga ubao kwenye mdomo huohuo uliokuwa ukijieleza. Tairi lilikuwa limeshaletwa, na petroli ndani ya chupa ya soda. Nilipofika baadaye, damu yake ilikuwa bado mbichi kwenye vumbi, na mtu alikuwa akiiruka ili asichafue viatu.

Aliyemwokoa ni Hajara. Alirudi kutafuta mkoba wake, akamkuta aliyeuokota chini ya miguu ya watu. Akajilaza juu yake, yeye na baibui lake.

“Toka, mama! Tunachoma mwizi!”

“Choma mimi kwanza. Huyu mtoto yangu.”

“Mtoto yako? Wewe Mwislamu, huyu Mwacholi?”

“Baba yake alikuwa mrefu. Wewe unataka kuulizia kitanda yangu?”

Mmoja akacheka, kisha wengine. Olweny, mikono iliyokuwa imeinuliwa ilishuka kwa kicheko hicho. Polisi walipofika walimkuta Wasim bado ameshika ubao. Wenzake walikuwa wamekwisha yeyuka.

Sasa nakuja kwenye maneno yako ya Ijumaa. Ulisema kuanzia leo mwanao asiokote hata sindano ya mtu. Ukasema Jumamosi unakuja na wanaume na mapanga, na kama Wasim ameachiwa, hataiona Jumapili. Nimekuelewa. Nilipoona kile kinywa kilichoshonwa, mimi pia nilitafuta kwa macho kitu kizito cha kushika.

Lakini Jumapili tulipotoka kanisani Florence alipika maharage kwa simsim, kama ya mama yetu, awapelekee wanaomuuguza Bonny. Nikamwambia ajaze na bakuli la pili. Unajua desturi ya hapa: mahabusu wengi hula vizuri wakiletewa na ndugu zao. Wasim hakuwa na wa kumletea.

“Umelogwa, mzee?” Florence akaniuliza.

“Huenda.”

“Basi mpe kijiko cha plastiki. Uma usimpe.”

Nilimkuta mahabusu ya polisi. Ni kijana zaidi kuliko nilivyotaka awe. Vifundo vya vidole vilikuwa bado vimechunika.

“Mzee, wewe nani?”

“Baba ya yule uliyempiga.”

Akalisukuma bakuli. “Umetia sumu.”

“Ningetaka kukuua ningeomba ubao wako.”

Nikachota kijiko, nikala kwanza, kama mama alivyoonja mbele ya mgeni. Ndipo akala, ameinamisha kichwa, haraka. Katikati akauliza, “Yule jamaa anaweza kutafuna?”

“Hawezi.”

Akaacha kutafuna.

Usinielewe vibaya. Sijamsamehe, na kesi itaendelea; nitasimama mahakamani nieleze nilichokiona. Bakuli la maharage halifuti jinai. Ila kazi ya kuukomboa ulimwengu Bwana wetu aliichukua mwenyewe, hakutuachia sisi. Sisi alituachia maji ya kumpa mwenye kiu, chakula cha mwenye njaa, kumtazama aliyefungwa. Ni mambo madogo makusudi, ili hata mzee wa jicho moja asipate udhuru.

Nyumbani kwetu Uacholini, mtu akiuawa, ukoo wa muuaji na ukoo wa marehemu hunywa pamoja mzizi mchungu ili wapatane. Ni desturi nzuri, lakini hunywewa juu ya kaburi. Nyumba ya baba yetu ilichomwa na watu waliokuja kulipa kisasi cha nyumba nyingine, na hao nao walilipwa. Mpaka leo sijui nani alianza. Napendelea maharage sasa kuliko mzizi mchungu baadaye.

Jumamosi njoo, lakini njoo peke yako. Panga litabaki kwa Acayo, akatie kuni.

Bonny nilimfikishia amri yako, kwamba asimsaidie mtu tena. Alinitazama kwa jicho lake moja. Jana mgonjwa wa kitanda cha pili aliangusha kikombe. Mwanao, na mbavu zile, alishuka kitandani akipiga kite, akakiokota, akampa. Muuguzi alimgombeza sana. Ukifika, mkataze mwenyewe kama utaweza.

Msalimie Acayo na watoto wote. Florence anawasalimu. Hajara naye anauliza lini atamwona huyo baba mrefu aliyemsingizia.

Mungu akulinde njiani, na ailinde mikono yako.

Mimi kaka yako, ninayekupenda hata ukinizimia simu,

Ongom