Sauti Iliyokwenda Rijeka

Durban, Jumapili, 19 Aprili 2015

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba magoti hayakusumbui sana kwa mvua za masika. Huku sisi tunapumua, na kwa wiki hii hiyo ni habari njema. Barua nampa Godson, anayerudi Bukoba kesho na Watanzania wa kwanza.

Uliuliza kwa nini Belinda hapokei simu. Mdogo wangu yuko hai, Mama. Yuko kwenye mahema ya wakimbizi Isipingo, mkono umefungwa plasta na jicho moja limevimba. Tafadhali soma mpaka mwisho.

Yalianza Februari, ilipokuja bendi ya Wakroatia wapigao vinanda vya umeme. Mwimbaji wao, dada mrefu aitwaye Mirna, aliingia saluni kwetu Warwick kusuka rasta, kazi ya saa tano. Unanijua, nisiposuka huku naimba mistari inapinda. Niliimba zile nyimbo zako za kupalilia, naye akanirekodi kwa simu. Alitusimulia mji wao, Rijeka, bandari ya mvua na winchi. Alisema bibi yake ameishi huko katika nchi tatu bila kuhama nyumba, maana mipaka ndiyo iliyohama. Belinda alicheka, akasema sisi tumehama na nyumba yenyewe na hatujapewa hata nchi moja.

Machi wimbo ukapigwa redioni, sauti yangu juu ya vinanda vyao, na mtangazaji akaitaja saluni yetu. Ushamba ukatupanda kichwani. Tulifungulia redio mpaka barabarani, tukabandika picha ya Mirna dirishani na kuandika kwamba mwimbaji wa Kiswahili yumo humu. Wateja walijaa, nasi tukajiona mastaa.

Aprili mambo yakachafuka, wageni wakaanza kusakwa. Nilibandua picha, lakini nani alikuwa hajaiona? Nikisikia filimbi za wasakaji nje, nilifunga mlango. Nilimkataza Belinda kufungua mdomo mbele za watu.

Jumanne asubuhi wanaume sita waliingia na marungu. Waliuliza kwa Kizulu ni nani huyo mgeni anayeimba.

Mama, niliogopa. Nina miaka kumi na mmoja hapa, mume wangu ni Mzulu, na Kizulu nakiongea kama wenyewe. Belinda ana miezi minne tu na hakuelewa neno. Nilimshika bega, nikawaambia ni huyu, mimi ni wa hapahapa. Wakamburuta nje.

Yeye anadhani nilimshika bega ili kumkinga, na kwamba nilikuwa nawasihi. Kila niendapo mahemani ananibusu mikono na kunishukuru. Amekataa kujiandikisha kwa ndege ya Jumamosi ya kuwarudisha Watanzania nyumbani, anasema hawezi kumwacha dada aliyemtetea. Na huku bado kunawaka, naogopa wakirudi hatapona. Mara tatu nimejaribu kumwambia, mdomo umekataa.

Godson anayo namba ya Amne, anayelala hema moja na Belinda. Nakuomba umpigie Belinda, umweleze nilichomfanyia, usinipunguzie hata kidogo. Akishanichukia, atapanda ndege.

Nisalimie Baba Mdogo Anselmo na majirani wote. Nawe Mama, kama salamu zangu huzitaki tena, nitaelewa.

Ni mimi mwanao,
Coletha