Maneno ya Kaka Yako Yaliyobaki Kazini

Mlango wa 9, Ghorofa ya Tatu,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa wifi yangu,

Habari za siku nyingi? Goti lako la kushoto linaendeleaje, na ile dawa ya kuchua imekusaidia au ni harufu tu? Mumeo na watoto hawajambo? Sisi huku tunapumua. Binti yetu amerudi shule na anakula vizuri. Mimi nalala, naamka, siku zinakwenda. Ni miezi saba sasa, lakini nikipika chai bado natoa vikombe vitatu, halafu nakirudisha kimoja kabatini kabla binti hajaona.

Nisamehe kwa kuchelewa. Uliniuliza kwenye simu swali ambalo sikuweza kulijibu kwa simu: kaka yako alikosa nini hata akaondolewa kazini? Ukanieleza kwamba shangazi amesema mbele ya ukoo mzima kuwa kampuni inayopata faida haimtupi mtu mwema, lazima palikuwa na wizi au ulevi. Ukaniomba nikutafutie barua ya kampuni inayosema aliondoka bila kosa, ili umfunge mdomo. Wifi, maneno yale ya shangazi yamenikaa kooni. Mtu nimeshamzika, sasa natakiwa nizike na jina lake.

Kazi yake unaijua kwa juu juu. Mteja akishindwa kuingia kwenye akaunti yake, au tiketi yake ikipotea mtandaoni, anaandika, na kaka yako anamjibu. Alifanya hivyo miaka tisa. Wengine walimwandikia matusi kwa herufi kubwa tupu, naye aliwajibu kama mtu anayeongea na mgonjwa. Kila alipomwelekeza mtu hatua za kufuata, alimalizia hivi: "Usiharakishe, nipo." Siku moja nilimtania, mbona mimi nikitafuta funguo haniambii hivyo? Akasema, "Wewe hujawahi kunipa nyota tano kama wateja."

Mwaka juzi mwishoni kampuni ikaleta mashine ya kujibu wateja. Mwanzoni majibu yake yalikuwa makavu kama tangazo la ukutani. Wafanyakazi wakaambiwa waifundishe. Kila siku wasome ilichojibu, wasahihishe, kisha waipe majibu yao wenyewe yaliyo bora ijifunze kwayo.

Hapo ndipo lilipo kosa la kaka yako, na ndilo pekee ninalolijua. Alidhani atakayeifundisha vizuri kuliko wote ndiye atakayebaki. Wote walidhani hivyo, wakashindana. Majina yalibandikwa ubaoni karibu na birika la kahawa, na jina lake lilikaa juu wiki sita mfululizo. Alikuwa akirudi nyumbani anahadithia kama mtu aliyepewa mtoto wa watu amlee. "Mama, leo imesema pole bila kuambiwa!" Nami nikampigia makofi hapa hapa sebuleni. Natamani ningeweza kuyarudisha makofi yale.

Halafu ikaja Jumatatu ile. Jumatatu alikuwa akifanyia kazi nyumbani. Akakaa mezani na chai yake, akafungua kompyuta, ikakataa neno lake la siri. Akaliandika tena polepole, akidhani kidole kimeteleza. Ikakataa. Akampigia mkuu wake, simu ikaita mpaka ikakata. Basi akafanya kama mteja yeyote aliyekwama: akaandikia dawati la msaada. Dawati lake mwenyewe, wifi.

Jibu lilikuja kabla hajashusha kikombe. "Pole sana kwa usumbufu. Akaunti hii imefungwa na mwajiri wako. Usiharakishe, nipo."

Aliniita nikasome. Nilisoma mara mbili. Yeye akacheka, akacheka kweli kweli mpaka akashika ukingo wa meza, akasema, "Kumbe nimefundisha vizuri." Ndiyo mara ya mwisho kumwona akicheka kwa sauti.

Saa nne akapigiwa simu na msichana wa idara ya wafanyakazi aliyekuwa anasoma karatasi. Kampuni inajipanga upya, watu zaidi ya mia mbili wanaondoka, asante kwa mchango wako. Kaka yako akamuuliza, "Mwanangu, kosa langu ni lipi?" Msichana akasema hakuna aliyekosa, maelezo yote yako kwenye barua. Na barua yenyewe walikuwa wameituma kwenye sanduku lake la barua pepe la kazini, lile lile walilomfungia. Hatukuiona hata siku moja.

Sasa uliuliza kwa nini, maana kampuni ina faida. Hata mimi sikuelewa. Nilimuuliza mwenzake, yule tunayemwita Karanga, ambaye alikula karanga kazini mpaka maganda yakakwamisha kibodi yake. Naye aliondolewa siku ile ile. Alikuja kututazama wiki iliyopita, akakaa kwenye kiti cha kaka yako bila kujua, nami sikumwinua.

"Shemeji," akaniambia, "wengi wetu tuliajiriwa kwa pupa, tukaachishwa wote kwa pupa." Alinieleza hivi. Wakati ule wa ugonjwa, watu walipofungiwa majumbani, kila kitu kilifanyika kwenye mtandao, na kampuni zikaajiri kana kwamba dunia haitatoka nje tena. Mikopo nayo ilikuwa rahisi. Kisha watu wakatoka nje, riba zikapanda, na wenye hisa wakaanza kuuliza maswali. Kampuni moja ikapunguza watu, hisa zake zikapanda bei. Ya pili ikaona, nayo ikapunguza. Ya tatu haikuwa na shida yoyote, ila iliogopa kuonekana imelala.

Nikamuuliza, na mashine je? Akatafuna kidogo, akasema, "Hiyo ndiyo inayoniuma. Wengine wetu mashine haiwezi kazi yetu mpaka leo. Tuliondolewa ili mishahara yetu ikanunue mashine." Akacheka peke yake. "Mumeo ndiye aliyeweza kurithiwa na mashine. Alikuwa mwema mno."

Ndivyo hivyo, wifi. Wavivu hawakuwa na cha kuiachia mashine. Mwambie shangazi hivyo.

Sitasema kampuni ilimuua. Daktari aliandika moyo, na moyo wa baba yenu nao ulikuwa vile vile. Lakini ile miezi minne aliyoishi bila kazi mimi niliiona. Alivaa shati la kazini kila asubuhi. Alipoitwa kwenye usaili, aliulizwa maswali na mashine nyingine, kwenye kioo cha kompyuta, bila sura ya mtu. Alinyoa ndevu kwa ajili yake. Mtu anyoe ndevu kwa ajili ya kioo.

Kuhusu barua uliyoniomba, nimejaribu. Jumanne nilifungua ukurasa wa kampuni, kwa kuwa namba za simu zimeondolewa. Nikaandika kwamba mimi ni mjane wa mfanyakazi wenu, naomba barua inayosema aliondoka bila kosa. Ikanipa pole. Ikanielekeza nifungue fomu kwa kutumia akaunti ya mfanyakazi. Nikaandika kwamba mwenye akaunti amefariki. Ikasema, "Pole sana. Usiharakishe, nipo."

Nilitoa mikono mezani. Wifi, ilikuwa ni yeye kabisa, isipokuwa hakuwepo. Nikaiuliza, hayo maneno umefundishwa na nani? Ikajibu kwamba haina taarifa hizo. Nikaandika kwamba ni maneno ya mume wangu. Ikanishukuru kwa maoni yangu, ikaniomba niipe nyota.

Sikuipa hata moja. Lakini sikuufunga ukurasa ule mpaka jioni.

Wewe unajua yalikotoka maneno hayo, kwa sababu ulinisimulia mwenyewe siku za matanga. Ulipokuwa mdogo uliogopa choo cha nje giza likiingia, na kaka yako alikuwa akisimama nje ya mlango, anakuambia usiharakishe, nipo. Kampuni kubwa hivyo, na utamu wake wote umetoka mlangoni pa choo chenu. Leo maelfu ya watu wasiomjua wanaambiwa hivyo kila siku, na shangazi yake wa damu anamwita mwizi.

Barua ya kampuni sina, na sitaipata. Nimekuandikia hii. Ndicho cheti chake.

Nisalimie mumeo, watoto wote, na mama mkubwa. Mwambie kitambaa alichonipa nimekishona. Mola awatunze, akulainishie goti lako, na asiwaonyeshe Jumatatu kama ile yetu. Shangazi naye nisalimie. Siku ukoo wote ukikutana, simama umsomee barua hii mpaka mwisho, neno kwa neno. Usiharakishe.

Wako akupendaye, sasa kwa niaba ya wawili,
Mke wa kaka yako