Kidole cha Mugeta

Iringo, Musoma
4 Machi 2024

Mdogo wangu Mugeta,

Leo nimehesabu: ni miaka arobaini na siku tisa tangu baba aniambie nichague kati ya ng'ombe wake na vitabu vyangu, nami nikatoka na sanduku. Hujambo wewe, shemeji Dorotea na binti yetu Sara? Mimi sijambo, isipokuwa kifua.

Unajua nilikokipata. Miaka ishirini na sita nilihesabu marobota kwenye kiwanda cha kuchambua pamba Bunda, na vumbi lile halikubaki kiwandani siku niliyostaafu. Daktari anasema mapafu yamechakaa. Hayaponi, ila yanatunzika. Si kifua kikuu, wala ugonjwa huu hauambukizi.

Sasa hospitali imeanza utaratibu mpya. Mgonjwa anakaa kwao. Kila Jumatano muuguzi, jina lake Jeska, anampigia simu ya video na kusoma kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni. Kila mwezi mhudumu wa afya, Jastin, anakwenda mwenyewe na pikipiki kusikiliza kifua. Simu peke yake haitoshi, anasema daktari, wala ziara peke yake. Na lazima mtu mmoja nyumbani asimamie simu. Nimekutaja wewe.

Je, naweza kurudi nyumbani?

Kaka yako,
Burito


Butiama
19 Machi 2024

Kaka Burito, shikamoo.

Sisi wazima, mvua inanyesha mpaka tumechoka kuishukuru. Barua yako kondakta wa Hiace kaileta imeloa. Nimemsomea Dorotea akalia, na yule haliagi ovyo.

Kaka, mtu anaombaga ruhusa kwenda kwao? Baba alishakufa na hasira zake. Njoo! Shida ni mtandao tu. Hapa nyumbani hakuna, unashika juu ya jiwe nyuma ya zizi, na wewe huwezi kupanda. Lakini miguu yangu bado ya mbuzi. Nitakupima hapa chini, napanda, namwonyesha huyo Jeska namba kwenye simu ya Sara. Simu yenyewe inaona hadi nzi.

Mdogo wako,
Mugeta


Iringo, Musoma
2 Septemba 2024

Mugeta,

Natumaini mnaendelea vizuri. Mimi niko hai. Natumia mashine ya oksijeni saa kumi na sita kwa siku.

Nilikaa kwako miezi minne. Kila Jumatano ulinibana kipimo kidoleni, ukasoma kwa sauti: themanini na saba, themanini na tano, themanini na tatu. Kisha ulipanda jiweni. Ukishuka ulisema, "Jeska anasema huo ni uzee tu, kaka, upumzike." Nilipouliza mbona Jastin haji, ulisema mto umefurika. Mwezi wa saba! Nikaamini mafuriko ya kiangazi kwa sababu ni wewe uliyeyasema.

Siku shemeji Dorotea aliposimamisha lori la mkaa na kunipakia bila kukuuliza, sikuwa na pumzi hata ya kuaga. Wodini Jeska alinikodolea macho.

"Mzee Burito! Si Jastin kasema juzi umekwenda Kibara kwa wakwe zako?"

"Kibara? Sijakanyaga Kibara tangu nimzike mke wangu."

Akafungua daftari lake. Jumatano zote: tisini na saba, tisini na nane, namba za mtu mwenye mapafu mazima. "Nilikuwa nakiona kidole kwenye simu, mzee, nduguyo anasema ni chako. Nikasema hewa ya Butiama imemfaa. Ndiyo maana sikumwambia daktari abadilishe dawa." Halafu akaniomba radhi, yeye. Jastin naye alikuja mara tatu, na mara tatu ulimgeuzia njia panda kwa hadithi ya Kibara.

Kidole kilikuwa chako. Nina swali moja: kwa nini?

Burito


Butiama
30 Septemba 2024

Kaka, shikamoo.

Naomba Mungu pumzi yako iwe imetulia. Nimekaa na barua yako wiki tatu, kila nikishika kalamu nakumbuka ng'ombe hajanyweshwa.

Sikufichi tena. Ni mambo ya Sara. Wakwe kutoka Bunda walikuwa wanakujaga kupatana mahari, na Jastin huku anajulikana: ndiye anapelekaga dawa za TB. Pikipiki yake ikisimama kwako leo, kesho kijiji kizima kinakukimbia. Wakwe wakija, ukikohoa, nilikuwaga nafungulia redio. Na ningemwonyesha Jeska ile themanini na tatu, wangetuma gari la wagonjwa mpaka uani. Niliwaza tumalize kwanza ya Sara, halafu Jastin aje hata kila siku. Nilijua hauambukizi. Wao ndio hawajui. Nisamehe.

Sasa kuna jambo. Ng'ombe wamekubali kumi na nne, watakuja tarehe saba Desemba. Wanauliza, mkubwa wa nyumba hii yuko wapi? Bila wewe kukaa kwenye kiti cha baba hawakabidhi hata mbuzi. Njoo siku moja tu, kaka. Nimeshawaambia umepona.

Mdogo wako,
Mugeta


Iringo, Musoma
14 Oktoba 2024

Mugeta,

Nisalimie shemeji Dorotea kabla ya mtu mwingine yeyote. Kama napumua, ni kwa mkono wake.

Umewaambia nimepona. Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi, nikitafuta ndani yake mahali ambapo mimi nipo.

Wakwe zako ni watu wa Bunda. Hakuna ukoo pale usio na baba au mjomba aliyekohoa vumbi la pamba. Jastin angewaeleza kwa dakika kumi, nao wangenielewa kuliko wewe. Hukujaribu.

Sara asikose ndoa kwa makosa ya watu wazima. Nimeambatanisha karatasi niliyosaini mbele ya padri: upokee wewe ng'ombe kwa niaba yangu, ukae wewe kwenye kiti cha baba. Humo nimeandika pia ugonjwa wangu ni nini. Ukiwasomea, usiruke mstari.

Jeska ameniuliza kama nataka kujaribu tena huko, na mtu mwingine wa kusimamia simu. Daktari hakatazi, na shemeji amejitolea. Nimekataa mwenyewe. Ugenini nilikosa mengi, lakini hakuna aliyenificha.

Sitarudi nyumbani, Mugeta, hata kuzikwa.

Burito