Wenye Baa Watano na Bibi Mmoja

Nyarugusu, Jumamosi, Novemba 1997

Joto limekaa tangu asubuhi. Mawingu yamejaa upande wa Geita lakini mvua haishuki. Nimefunga mlango wa mbele wa baa mchana kweupe, jambo ambalo sijawahi kulifanya siku ya Jumamosi. Wachimbaji wamegonga, wamenung'unika, wameondoka. Ninaandika nikiwa nyuma ya kaunta, haraka haraka, sijui kama nitaweza kuusoma mwandiko wangu mwenyewe.

Ninaogopa.

Mimi ni mwoga wa kuzaliwa, hilo silifichi. Hata jogoo akinijia kwa kasi ninapanda kiti. Lakini woga wa leo ni mwingine.

Jana jioni alikuja shemeji Shija, mdogo wa marehemu mume wangu. Hakuagiza kinywaji. Duara lake, lile shimo analochimba na wenzake kule mlimani, linatoa mawe matupu tangu kiangazi kilipoanza, na vijana wake wameanza kumkimbia. Basi amekwenda kwa mganga. Mganga amechinja kuku, amemsoma matumbo, na ameona kwamba kuna mtu aliyemla kaka yake Shija, na mtu huyohuyo ndiye anayeifunga dhahabu isionekane. Ni mtu wa ndani ya nyumba, anayekaa na moto.

"Shemeji," aliniambia, kwa sauti ya upole kabisa, "hesabu mwenyewe. Wenye baa hii wote wamekwisha. Nani alikuwepo siku zote?"

Nilijua anamsema nani kabla hajamaliza. Bibi Nyamizi ndiye mpishi na mpika pombe wetu, na yuko kwenye jengo hili tangu mimi sijazaliwa. Macho yake ni mekundu. Huku kwetu siku hizi mwanamke mzee mwenye macho mekundu akishatajwa, hapewi muda. Kijiji cha jirani walimkata mmoja mapanga juzijuzi tu, akiwa anachambua maharage nje ya nyumba yake. Na kila mtu anajua kwamba kuni zimekwisha, kwamba akina mama wanapikia mavi makavu ya ng'ombe, na moshi wake unayala macho. Kila mtu anajua, na bado wanaua.

Kesho baada ya ibada sungusungu, walinzi wetu wa jadi, wameitisha mkutano wa kijiji. Shija atasimama amtaje. Alikuja kuniomba nisimame naye, kwa sababu mimi ndiye mjane na neno langu litakuwa na uzito. Nilimjibu kwamba nitafikiri. Yaani mtu ananiambia kesho tutamuua bibi yako wa jikoni, nami namjibu nitafikiri, kama ameniuliza bei ya mchele.

Sikulala. Nilikuwa naipanga historia ya baa hii kichwani kama mwanafunzi anayengoja mtihani. Kesi yote ya Shija ni historia: wenye baa wamekufa mmoja baada ya mwingine na bibi amebaki. Kwa hiyo na jibu lazima liwe historia. Nayo ninaijua, maana Bibi Nyamizi amenisimulia tukikoroga pombe, jioni nyingi tu.

Mwenye baa wa kwanza alikuwa Mwingereza. Watu walimwita Bwana Miwani. Enzi hizo mgodi ulikuwa wa wazungu, na hapa palikuwa klabu yao, ndiyo maana wazee hadi leo hawasemi baa, wanasema "klabuni". Alileta mbao za hii kaunta kwa lori, akajenga na jiko la nje, na Mwafrika alifika mwisho hapo jikoni. Bibi Nyamizi aliletwa hapa na mumewe aliyekuwa mpishi, akiwa binti mdogo tu. Mgodi ulipofungwa Bwana Miwani aliondoka. Watu wanasema alikufia njiani kabla ya kufika Mwanza. Bibi anasema alipanda lori na mbwa wake, akiwa mzima kabisa na amenuna, na hata kwaheri hakuaga.

Kuna ukuta hapa, kulia kwangu ninapoandika, umejaa vitundu vidogo vidogo. Vijana wa siku hizi wanaamini ni alama za misumari ya kichawi, kila tundu roho ya mtu. Nimeshamwona mwanamume mzima, mwenye misuli ya kubeba magunia ya mawe, akihamisha kiti chake ili asiupe mgongo. Ni mchezo wa wazungu. Walikuwa wanasimama mbali wakiwa na bia mkononi na kurusha vijishale kwenye kibao, na waliokuwa wamelewa walikosa kibao. Bibi ndiye aliyekuwa akiviokota vile vishale asubuhi. Sasa atakufa kwa sababu ya mchezo huo? Hilo nalo nitalisema kesho.

Wa pili alikuwa Mzee Pinto, Mgoa wa Kahama. Huyo ndiye aliyefungua mlango wa mbele kwa kila mtu, na Bibi humsifu kwa hilo hadi leo. Aliuza bia ya chupa kwa wenye nazo na pombe ya Bibi kwa wasio nazo. Kisha akahama na familia yake kwenda Kanada. Hapa Nyarugusu wanasema alitoweka. Hakutoweka. Nduguze wako Kahama wana duka la spea, nimenunua kwao mwenyewe, na wanasema mzee yu hai, anachoogopa ni baridi tu.

Wa tatu, Mzee Luhende, mfugaji. Aliuza ng'ombe wake karibu wote akachukua baa, na tatizo lake ni kwamba mteja wake mkubwa alikuwa yeye mwenyewe. Alikufa kweli. Watu wanasema aliburutwa na fisi wa mchawi. Alitumbukia kwenye shimo la zamani la mgodi, lililoachwa wazi na kufunikwa na majani, akitoka hapa kurudi kwake huku akiimba. Waliomtoa bado wako hai, wawili kati yao ni sungusungu. Wakiulizwa mbele ya watu hawawezi kukana.

Kufikia hapo nilikuwa najiona wakili. Wa kwanza aliondoka, wa pili yu hai, wa tatu shimo. Nikaanza hata kuchagua kanga ya kuvaa.

Halafu nikafika kwa wa nne.

Wa nne ni Elias, Baba Stella, mume wangu. Tulikuja naye kutoka Shinyanga wakati wa rashi ya dhahabu, kila mtu alipokuwa anakimbilia huku. Akawa ananunua dhahabu kwa wachimbaji, mambo yakamwendea vizuri, akainunua baa kwa watoto wa Luhende. Alikuwa mcheshi, alipendwa, na wanawake walimpenda pia. Akaanza kukohoa, akakonda, vidonda vikamtoka mdomoni, na kufikia masika alikuwa mwepesi kama mtoto. Watu waliponiuliza nilisema kifua. Pale matangani nilisema kifua. Mama mkwe nilimwambia kifua.

Shija hajui. Na mtu ambaye hajui kaka yake kafa kwa nini, atalishika lolote analopewa na mganga. Hapo nikaelewa kwamba historia yangu yote ya Mwingereza na Mgoa haina maana yoyote kesho. Hawataua kwa ajili ya Bwana Miwani. Wanayemlilia ni Elias.

Nikitaka bibi apone, lazima nisimame mbele ya kijiji kizima niseme mume wangu alikufa kwa ugonjwa gani. Na nikishasema, nani atakunywa kwenye glasi niliyoishika mimi? Nani atamwacha mwanawe akae dawati moja na Stella? Hawataniua, hapana. Watahama tu. Kila ninapokaa watahama, hadi nibaki na hii kaunta.

Kwa hiyo leo alfajiri nilitafuta njia ya mkato, kama kawaida yangu. Nilikwenda jikoni nikamwamkia Bibi Nyamizi, akaitikia marahaba bila kugeuka, alikuwa anapuliza moto. Nikamwambia kila kitu, kisha nikamwambia afunge mzigo, kuna gari la Kahama asubuhi, ataunganisha hadi Shinyanga kwa dada yangu.

Akakaa kwenye kigoda. Akajifuta macho kwa pindo la kanga, yakazidi kuwa mekundu.

"Mayu, mama yangu, nikikimbia nimekubali," alisema. "Watakuja hata huko. Na huyo dada yako watamchomea nyumba."

Nikamuuliza sasa atafanya nini kesho. Akasema atakwenda mkutanoni, atakaa chini, atasikiliza. Nikamuuliza atajibu nini. Akasema hatajibu.

Ndipo nikakumbuka kitu ambacho nimekuwa nikikipita pembeni muda wote huu. Siku ile tulipompeleka Elias hospitali Geita, hakuweza kukaa bila kushikwa. Mimi nilimshika upande mmoja, Bibi upande wa pili. Daktari alipotuambia, alituambia sote watatu. Na tuliporudi ni Bibi aliyekuwa akimwogesha, akimchemshia maji ya vidonda, akifua mashuka, huku mimi nikihudumia wateja na kucheka nao ili wasiulize.

"Bibi," nikamwambia, "wewe unajua alikufa na nini."

"Najua."

"Ukisema, watakuacha."

Alisukuma kinyesi kikavu ndani ya moto, akasubiri kishike.

"Wewe una mtoto," alisema. "Mimi wangu wote nimeshawazika."

Nikatoka nikaenda kusimama nyuma ya jiko. Nilikuwa nimemhesabu yeye kama mtu ninayemficha, kumbe ndiye anayenificha. Angeweza kusema jana, angeweza kusema wakati wowote. Sentensi moja tu na Shija angekosa la kushika. Anaijua sentensi hiyo na amekusudia kukaa nayo chini mbele ya mapanga, ili watu waendelee kunywa kwenye glasi zangu.

Sasa nimekaa hapa. Bibi yuko jikoni, nasikia anakoroga, maana amesema Jumamosi ni Jumamosi na wachimbaji watakuja jioni. Mimi nafungua na kufunga daftari. Nimejaribu kusema ile sentensi kwa sauti, peke yangu, nikiuangalia ukuta wenye vitundu. Mara ya kwanza niliishia kwenye jina lake. Mara ya pili nilisema kifua. Ulimi umezoea.

Nimejaribu tena. Mume wangu Elias alikufa kwa ukimwi.

Imetoka. Sauti ilikuwa ndogo kama ya mtoto aliyevunja kitu, lakini imetoka. Ikitoka hapa haina maana itatoka mbele ya sungusungu na pinde zao, mama mkwe amekaa mstari wa mbele na shemeji Shija ananiangalia. Ninamwogopa Shija kuliko wote, si kwa sababu ni mbaya. Ni kwa sababu atalia, na mimi nikimwona analia nitataka kuyarudisha maneno mdomoni.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Sitaanza na Mwingereza. Nikianza na Mwingereza nitajifurahisha, nitawachekesha kwa yule mbwa, nitazunguka Kanada na shimoni kwa Luhende, na nikifika kwa mume wangu nitakuwa nimeishiwa ujasiri nitasema kifua. Nitaanza na wa nne. Nitasimama, nitamwamkia mama mkwe, nitaisema ile sentensi kabla hata sijavuta pumzi, halafu ndiyo nirudi nyuma kwa wa tatu, wa pili na wa kwanza.

Nitamshika Bibi mkono wakati nasema, apende asipende.

Kuna atakayeuliza swali moja, namjua hata jina lake, ni mmoja wa wale wa kukaa nyuma na kuuliza. Atauliza, na mwenye baa wa sasa je, yeye mzima? Nimelitafutia jibu tangu mchana. Daktari aliniambia nipime, nikasema nitarudi, sikurudi. Basi nitamjibu ninalolijua. Wa tano ni mimi, na sijui.