Boyerie ya Marsi

Bukavu, Jumapili baada ya misa

Maman wangu mpenzi,

Nakusalimu wewe na Papa. Mguu wake umepona? Mvua imewaachia mihogo? Mimi ni mzima, ila tangu jana sina raha. Nitakuambia sababu, maana huko Mwenga mnangoja jibu langu kuhusu posa ya Bonifasi.

Unajua kwamba yeye, makarani wenzake wachache na mimi tuna kagazeti ketu ka hadithi za siku zijazo: safari za kwenda kwenye nyota, mashine zinazofikiri. Tunaandika wenyewe. Kila hadithi hupita kwanza kwa wote, kila mmoja akiandika maoni yake nyuma ya karatasi, kisha mimi naipiga chapa kwa mashine ya shule. Maman, humo tu ndimo nilimokuwa napumua.

Jana Bonifasi aliniletea hadithi yake mpya. Mtu wetu anafika kwenye nyota ya Marsi, wa kwanza kati ya weusi wote. Wazungu wamekwisha kujijengea kando ya ziwa jekundu, kama mtaa wao wa Nguba hapa. Naye shujaa analala wapi? Katika boyerie, kibanda cha boi, nyuma ya jikoni ya kapiteni wao. Analia kwa furaha kwa sababu ina umeme.

Nilicheka, nikidhani anawadhihaki Wazungu.

"Unacheka nini?"

"Si mzaha huu?"

"Mzaha gani? Boyerie ya matofali, na robine ya maji ndani! Weye uko na robine mu nyumba?"

"Bonifasi, nyota hiyo umeitunga mwenyewe. Nani amekukataza nyumba?"

Alinitazama kama mwanafunzi aliyeulizwa somo asilofundishwa. "Ee, Lusiya. Lazima watu waamini."

Niligeuza karatasi. Nyuma wenzake wote wameandika kumsifu: "Bravo, mon vieux! Umeme kabisa!" Karatasi ilininata vidoleni kama kitu kilichotemwa. Nilimrudishia bila kuipiga chapa.

Kwa hiyo Papa awaambie wazee wa kwao Bonifasi kwamba sitaolewa naye. Najua halewi, hapigi mtu, na mshahara wake mnaujua. Lakini amepewa mbingu yote, akachagua nyuma ya jikoni. Mimi angeniweka wapi?

Usilie, Maman. Nisalimie Nyanya, na Tonton, mjomba wangu wa kule kwenye machimbo ya dhahabu. Na mdogo wangu Furaha mwambie anichoree nyumba yake ya Marsi, asimwulize mtu iwe kubwa kiasi gani.

Binti yako asiyekusahau,
Lusiya