Mtungi Una Pumzi Fupi

Mume wangu mpenzi, Baba Salma,

Ulipokuwa hai sikuwahi kukuandikia barua, maana hukuwa mtu wa kwenda mbali. Kutoka nyumbani mpaka mashineni ni hatua za kuhesabu, na ukichelewa nilikufuata na chakula chako mkononi. Leo nakuandikia kwa sababu kuna jambo limenikaa kifuani na sioni wa kumweleza. Kesho Jumatatu binti yetu anaanza kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Ileile ya hapa Ikwiriri. Amechukua nafasi yako, na mie naogopa.

Najua wewe ungefurahi. Ungepita barabarani ukimwambia kila mnunuzi wa ufuta kwamba mwanao wa kike ndiye mwendesha mashine. Tajiri mwenye mashine alisita, akasema hiyo kazi ya wanaume. Salma akatega sikio kidogo tu, akamwambia beringi ya kushoto inalia. Walipofungua wakaikuta imekwisha kabisa, na kazi akapewa siku hiyohiyo. Masikio yale ni yako. Ninayoyaogopa ni mengine aliyorithi kwako.

Unaikumbuka siku mtungi wa kwanza wa kuzimia moto ulipoletwa? Mwekundu, unang'aa, kitu kipya pekee ndani ya jengo zima. Ukautundika ukutani kule mwisho, nyuma ya mashine, ili mteja akiingia tu mlangoni auone. Haikupita hata wiki ukawa umejaa vumbi la pumba, na mie roho ikaniuma. Wanijua. Nyumbani kwetu redio ina kitambaa chake, birika la wageni lina kitambaa chake, hata jagi la maji. Basi nikachukua kipande cha kanga nikaushonea vazi, na kamba tatu za kufungia kwa nyuma. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Mama Salma, umemvalisha bi harusi!" Jina likashika. Wabeba viroba wakawa wanapita asubuhi wakiusalimu, "Bi harusi, umeamkaje?"

Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kuutumia. Tulijua kuutunza tu. Kila Ijumaa nikija kufagia mashineni niliuvua vazi nikalifua, nikaufuta mtungi, nikauvika tena na kukaza zile kamba mafundo mawili mawili, watoto wa wateja wasije wakachezea pini. Nilijiona mtu mwangalifu sana.

Siku yenyewe unaijua kuliko mie, lakini niache niiseme. Ilikuwa mchana, mpunga uliotoka Chumbi umepangwa mpaka mlangoni, nami ndio naingia na chakula. Mota ikatoa moshi, cheche zikaangukia pumba, moto ukashika. Mdogo tu, wa kufika magotini. Ukaukimbilia mtungi, ukakutana na mafundo yangu. Nilikuona unahangaika na kamba, mwisho ukaziuma kwa meno. Ulipopata kuvuta pini moto ulikuwa umekufika kiunoni. Ukaupulizia unga wa mtungi kwa juu, kwenye ndimi za moto, kama ambavyo kila mmoja wetu angefanya, kwani ndimi ndizo zinazotisha. Chini pumba zikaendelea kuungua taratibu. Nikakupigia kelele, "Toka, Baba Salma!" Ukanijibu bila kugeuka, "Kidogo tu, naumaliza." Na kweli tukaona umezimika, watu wakapiga makofi. Ukasogea ndani zaidi kuitazama mota, ukaupa moto mgongo. Pumba zikawaka upya, kati yako na mlango.

Siku tatu za hospitali hukunilaumu hata kwa jicho. Na mie sikukwambia. Nilikaa kando ya kitanda nakupepea. Mafundo yale niliyafunga mie, Baba Salma. Ulidhani waliyafunga wale wabeba viroba kwa utani wao, nami nikakuacha uondoke na dhana hiyo. Nisamehe. Nimelibeba mpaka limenichosha.

Nilipotoka eda nilimfuata tajiri, nikamwambia sitaki kufagia tena, nataka nikabidhiwe mambo ya moto. Alinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa na msiba, lakini akakubali. Akamleta mwalimu wa mambo hayo, baba mmoja wa bara anayeishi Kibiti, mcheshi. Nilimsumbua kwa maswali mpaka akaanza kuniita mama mkwe. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuitoa mitungi kule nyuma akaitundika karibu na mlango, bila nguo yoyote. "Mama mkwe, mtungi ukae kwenye mlango wa kutokea, usiufuate motoni." Akatufundisha kupiga kelele kwanza, mwingine akakate umeme. Mlango uwe mgongoni kwako. Vuta pini, elekeza mdomo wa mpira chini kabisa, pale penye kuungua, bana, fagia kushoto na kulia. Moto ukiwa tayari umekupita kiuno, wala usianze. Na mtungi ukiisha moto bado upo, kazi yako imekwisha, ondoka. Kwa kipimo changu mie, hujamaliza kusoma Kulhuwallahu tatu mtungi umekauka. Una pumzi fupi mno. Laiti tungelijua.

Tangu hapo nimekuwa kituko. Mara tatu kwa siku nakwenda kutazama kama mshale wa kipimo uko kwenye kijani, ingawa mwalimu alisema mara moja kwa mwezi inatosha. Nikisikia harufu ya ubani kwa jirani moyo unanipasuka. Juzi harusini niling'ang'ania kukaa mlangoni, mashoga zangu wakadhani naiwahi pilau. Nikawaacha wadhani.

Salma masomo yote anayo kichwani, ukimwuliza anakujibu bila kupumua. Lakini wiki iliyopita tunakula, nikamwambia, mwanangu, ukiona umezidiwa toka. Akatua tonge. "Mama, mie mashine ya baba siikimbii." Chakula kilinishinda. Kujua si tatizo, Baba Salma. Hata wewe siku ile miguu ulikuwa nayo.

Ndipo nikamfuata mwalimu faraghani, nikamwomba mazoezi ya jana Jumamosi yawe ya moto wa kweli, tena mkubwa kuliko pumzi ya mtungi mmoja. Akafikiri, akakubali. Tukaenda uwanjani, mbali na jengo, yeye na mitungi mingine miwili pembeni. Akachora chini kwa majivu kuta za mashine yetu na nafasi ya mlango, akamwaga kilima cha pumba kavu, akawasha. Salma akaingia ndani ya mstari. Alitazama mshale, akavuta pini, akapiga chini, akafagia vizuri kabisa. Moto ukalala. Watu wakapiga makofi yaleyale ya siku ile. Kisha kilima kikawaka tena kwa upande wa pili, mtungi ukakohoa, ukaisha.

Wabeba viroba wakaanza, "Usiuache dada! Tupia mchanga! Maliza!" Salma akautazama mtungi, akautazama moto. Akageuza shingo akanitafuta mie. Akauweka mtungi chini, akarudi kinyumenyume, uso umeuelekea moto, akavuka ule mlango wa majivu, akaendelea mpaka barabarani kabisa alipo muuza mihogo.

Uwanja mzima ulicheka. Mmoja akasema kwa sauti, "Mtoto wa marehemu kakimbia, bwana!" Mwalimu alikuwa anauzima ule moto huku anatikisa kichwa kwa furaha, lakini wao walicheka tu. Na mie nikacheka kuwashinda wote, machozi yananibubujika mpaka mtandio ukalowa. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Hicho kilio nimeshakipokea kwangu mara moja.

Kesho saa moja asubuhi atawasha mashine. Hofu haijanitoka, wala simwombi Mungu aniondolee yote.

Lala salama, mume wangu. Ijumaa tutakuja kaburini kukusomea. Salma ana haya, na huenda akakwambia kwa sauti ya chini kwamba alikimbia. Usimkemee. Nilimfundisha mie.

Mkeo,
Mama Salma