Vioo Viwili Visivyogusana

4 Machi

Shikamoo Baba,
Natumai wewe na Mama hamjambo. Mimi mzima, nacheka peke yangu kama mwehu. Kipimo kimekubali! Nina vioo viwili vyembamba, vimetazamana ndani ya chombo kisicho na hewa, kimoja cha moto, kingine baridi. Havigusani, lakini joto linavuka. Kila nikipunguza nafasi kati yavyo kwa nusu, joto linazidi lile la vioo vikiwa mbali: mara tatu, saba, kumi na sita, halafu mia na tisini! Tarehe ishirini na tano nasimama mbele ya watahini. Shahada ya uzamivu iko mfukoni.
Binti yako

11 Machi

Marahaba, mwanangu,
Sisi wazima, ila mgongo wangu. Miezi mitatu kimya, ukiandika ni kujisifu. Haya. Mimi injini nilijifunza kwa kuchungulia mafundi wa watu, hesabu sikufundishwa na mtu, lakini hii yako inanikereketa. Tatu, saba, kumi na sita: hiyo ni ngazi. Inayofuata ni thelathini na kitu. Mia na tisini umeitoa wapi? Vikikaribiana joto hupanda, vikigusana huruka. Kwangu, valvu inapimwa ikienda na ikirudi. Wewe vioo umevirudisha nyuma ukapima? Au umepima kwenda tu, ukakimbilia kalamu?
Baba yako, fundi

30 Machi

Shikamoo Baba, na pole ya mgongo,
Barua yako niliitupa kwenye droo kwa hasira siku mbili. Ya tatu nikavirudisha vioo nyuma. Joto likabaki juu palepale, kama mgeni aliyeonyeshwa mlango akaagiza chai. Vilikuwa vimegusana! Uchafu kidogo umevinatisha kama gundi, joto linapita humo. Nikasafisha, nikapima upya siku tisa, kwenda na kurudi. Mara thelathini na nane, Baba! Na kurudi: kumi na sita, saba, tatu.

Siku ya mtihani, mtahini mmoja akauliza, "Utajuaje havikugusana?" Nikamwonyesha mchoro wa kurudi. Akafunga daftari lake. Nimefaulu! Wakauliza nani alinifundisha hilo. Nikasema fundi injini. Wakacheka. Nikarudia, sikucheka.
Binti yako

6 Aprili

Marahaba, Daktari wa joto,
Sisi wazima, hata mgongo. Barua nimeisomea karakana nzima mara mbili. Mteja alikuwa na haraka, akasubiri. Kisha nikafunga karakana, saa nne asubuhi. Miaka ishirini na sita sijawahi. Mama yako alipoona nimerudi, kanigusa paji la uso. Nikamwambia siumwi; nimefurahi tu, sijazoea.
Baba yako